Nyuma ya Pipa la Maji

Tulikuwepo mama yangu Somoe. Bibi yangu Fatu, mzaa mama. Zuhura, mdogo wake mama. Na mimi, niliyetoka kuchezwa unyago juzi yake.

Wiki iliyopita nilimwona mwalimu wa hapa kijijini akipita nyumba hadi nyumba, anawaomba wazazi mabinti waliochezwa warudi darasani. Tangu hapo situlii.

Mchana ule wa miaka hiyo ya usichana wangu tulikuwa tunachoma korosho, moshi unawasha macho. Akaja Mwalimu Bakari, aliyekuwa akinifundisha shuleni, na Mzee Nantipi, mashati yamepigwa pasi.

“Shikamooni. Tumemfuata binti.”

Huku kwetu mwanamume akija na mzee namna ile, anaposa. Nikajibanza nyuma ya pipa la maji, tupu, linanuka kutu. Mama aliniita mara tatu.

“Mwenyewe hataki, Mwalimu,” bibi akasema.

“Nitapita tena kesho.”

“Utachoka miguu, baba.”

Alipita siku tatu. Zote tatu nilikuwa nyuma ya pipa.

Zuhura ndiye aliyekuja kuniambia kwamba Mwalimu alinitakia shule, hakutaka mke. Nilikuwa nanyonyesha mtoto wa pili.

Kama mzee yule hakuwa Nantipi, mliokuwepo mnisahihishe. La pipa sijakosea.