Bushi Niliyoikaza Mie

Mwaka 1964, nna miaka tisa, ndipo dhiki iliponianza. Duka la baba kule Unguja lilifungwa, na skuli nikaiacha darasa la tatu. Kukereza vyuma nimejifunza kwa kuangalia mikono ya wengine. Maskati nimeingia na begi moja, nikafungua karakana yangu mtaa wa Ghala, na mpaka leo kidole changu kikipita juu ya chuma kinajua kilivyo kabla ya kipimo. Nayasema haya mjue ninavyojiona. Kisa chenyewe hakinipi sifa.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa anasoma uhandisi. Miaka michache nyuma serikali ya India ilirusha chombo kwenda kuuzunguka mwezi, hakina mtu ndani, kinaongozwa kutoka huku chini. Yeye na wenzake wa chuo wakataka kukisikiliza. Walikuwa na dishi kubwa, pana kuliko kitanda, la kuelekezwa kwenye mwezi na kuufuata unavyokwenda. Walichokosa ni kiungo cha kulizungushia.

"Babu, Maskati nzima sina mwengine," akaniambia. Mie nikavimba kichwa.

Akaniletea mchoro, nikampa fundi wangu wa makhrata, ile mashine ya kukerezea. Ni mtu wa Kerala, kusini mwa India, miaka kumi na tisa yuko na mie, Kiswahili amekiokota karakanani pamoja na matusi yangu, na mie ananiita arbab, yaani bosi. Kazi yenyewe ilikuwa ekseli ya chuma izunguke ndani ya bushi, yaani pete ndefu ya shaba iliyoshindiliwa ndani ya kasha la chuma.

"Arbab, karatasi inataka nafasi," akasema. "Ilegee kidogo. Juani shaba itavimba, itabana."

"Ilegee kama meno ya bibi yako? Dishi litacheza na upepo. Kaza!"

"Lakini mtoto ameandika..."

"Mtoto kaandika kwa kalamu. Mie nakereza tangu baba yako hajaoa."

Nikachukua penseli nyekundu, nikaikata namba ya mchoro, nikaandika yangu, na bushi nikaimaliza kwa mkono wangu mwenyewe. Mle ndani kiyoyozi kinavuma, ekseli ikaingia taratibu, haichezi hata kidogo. Nikamwonyesha. Akachukua kazi nyengine.

Ukweli ni kwamba ule mchoro sikuweza kuusoma wote. Namba nazijua. Zile alama ndogo pembeni, za kulegea na kubana, sizijui, na kuliko kumuuliza mtu niliyemwajiri mwenyewe nilikuwa radhi nife.

Dishi likafungwa juu ya paa la nyumba yangu. Siku ya siku ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mwezi ungali upande wa magharibi, mweupe. Nikawaita rafiki zangu, wazee wanne ninaokunywa nao kahawa baada ya sala ya Ijumaa. Halwa nimeweka, tende nimeweka. Fundi naye aliomba aje, maana chombo ni cha kwao. Alikuja na shati limepigwa pasi, nywele kazipaka mafuta.

Mjukuu akatueleza. Chombo kitawasha injini kipunguze mwendo, kisha kitapita nyuma ya mwezi na sauti itakatika. Kikitokea upande wa pili na sauti yake, basi kimefika, kinauzunguka.

Tukausikia mlio wake, mwembamba kama wa mbu. Fundi akachutama mbele ya spika. "Wa kwetu huyo!" anawaambia wazee. "Wa kwetu!"

Jua likapanda. Mjukuu akaushika mpini alisogeze dishi, halikwenda. Wenzake wakamsaidia, wapi. Mwezi unakwenda, dishi limeganda, mlio ukafifia, ukapotea. Nikaja mie na bega langu, nikasukuma, bolti ikakatika. Nikaigusa bushi. Ilikuwa inaunguza, na imeibana ekseli kama nilivyoambiwa.

Mzee mmoja akauliza, "Vipi, sheikh, si ulisema kazi ya mkono wako hii?"

"Mkono wangu? Mtu mwenyewe huyu hapa! Nilimwambia ailegeze, hasikii."

"Loo! Wenzake wanafika mwezini, yeye bushi tu imemshinda!"

Wakacheka. Na mie nikacheka.

Fundi akanitazama, si kwa muda mrefu. "Kosa langu, arbab," akasema, wote wamsikie. Akainama, akakusanya spana zake. Mjukuu alipopata habari kwenye simu kwamba chombo kimetokea salama, fundi alikuwa ameshashuka ngazi.

Mchana mjukuu akanijia na ule mchoro. "Babu, penseli nyekundu ni ya nani?"

"Ya karakana."

"Babu!"

"Nenda kamsaidie bibi yako jikoni."

Akaikunja karatasi, akaenda. Hadi leo akija ananibusu mkono, lakini kazi hajaniletea tena.

Lile neno la paani likateremka mpaka Ghala. Wateja wakaanza kusema, "Hii asiikereze yule wa mwezini." Mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuniharibia hata kipande kimoja! Mie nasikia, nanyamaza. Uongo wa kwanza ulinitoka mdomoni kabla sijafikiri. Huku kunyamaza nilikufikiri kila siku.

Haukupita mwaka akaomba arudi kwao. Nilimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Njia nzima nilikuwa na maneno kifuani, nikazungumza habari za barabara inayochimbwa. Mlangoni akasema, "Nimekaa vizuri kwako, arbab." Nikamwambia asisahau paspoti.

Ijumaa iliyofuata nikawaambia wazee, "Bushi ile niliikaza mie. Yeye alinikataza." Nilitaka wanitukane. Mmoja akanimiminia kahawa, akasema, "Ah, yameshapita hayo." Nikazunguka karakana za jirani, mlango kwa mlango, nikisema vilevile. Wakanijibu, "Mtu ameshaondoka, mzee. Sasa unatwambia?"

Leo nnamiliki nyumba ya ghorofa mbili Maabela. Karakana ya milango mitatu Ghala. Makhrata tatu, moja imefunikwa turubai. Pikapu mbili. Shamba la mitende Barka. Namba moja ya simu ya Kerala. Sijaipiga.