Pete Aliyoichagua Gordhanbhai kwa Jicho Lake

Watu wa mtaa wetu hapa Varachha, mjini Surat, wakikuambia Gordhanbhai ni mwizi, usiwasikilize. Mimi nimekaa naye gurudumu moja miaka kumi na tisa, goti kwa goti, na mtu huyo hajawahi kutoka kiwandani na chembe ya kitu kisicho chake. Laiti angekuwa mwizi! Mwizi ningejua namna ya kumsamehe. Gordhan ni mjuaji, na ujuaji wake ulimponza yeye, ukamponza na binti yake, na mimi nilikuwepo nikipiga makofi.

Alikuja Surat na umri wa miaka kumi na saba kutoka kijijini kwao, upande wa Amreli, baada ya mvua kukosekana misimu miwili na karanga za baba yake kukauka shambani. Mjomba wake akamketisha kwenye gurudumu la kung'arishia almasi. Gurudumu moja hukaliwa na watu wanne, kila mtu na pembe yake, na Gordhan alipewa pembe ya dirishani. Hajaihama mpaka leo. Kazi yake ni nyuso za chini za jiwe, basi. Miaka ishirini na sita, nyuso za chini. Mgongo umepinda, jicho la kulia limekuwa dogo kuliko la kushoto kwa kubana lenzi, na almasi zilizopita vidoleni mwake ukizikusanya zinajaza debe. Nyumbani kwake haikuwapo hata moja. Kwangu pia haipo, kwa hiyo usidhani namcheka.

Ila alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Tukienda harusini, badala ya kula kama watu, yeye hushika mkono wa bibi harusi, anauleta karibu na taa, anachungulia jiwe la pete, anaguna. "Kiuno kinene," anasema, yaani ule ukingo wa katikati ya jiwe. Au, "Hili wamelikata wakiwa na haraka ya kwenda chooni." Wanawake wa ukoo walifika mahali wakimwona Gordhan anakuja wanaficha mikono ndani ya sari. Mkewe, Rasilaben, alikuwa akimfinya ubavuni. "We mwanamume, una pete wewe? Mwenye pete ndiye wa kusema!"

Basi siku ya kununua ikafika. Bhavisha, binti yake wa pekee, alipata mchumba: Chirag, mtoto wa Laljibhai muuza vitambaa. Vijana walikuwa wamependana wenyewe, wazee tukajifanya ndio tuliowakutanisha. Laljibhai ni mtu mstaarabu, hana makuu. Alikuja, akala ganthia, vile vitafunio vya unga wa dengu, na pilipili za kukaanga, akamimina chai kwenye kisahani akanywa, akasema, "Ndugu yangu, sisi hatutaki kitu. Binti anatutosha. Ila wewe ni mtu wa almasi. Siku ya uchumba mwanangu akivishwa pete ya dhahabu tupu, watu watasema nini? Kijiwe kidogo tu. Lakini kiwe cha kweli, cha ardhini, kisiwe hivi vya kupikwa kiwandani."

"Laljibhai!" Gordhan akacheka mpaka akakohoa. "Hilo unaniambia mimi?"

Rasilaben alivua bangili zake mbili za dhahabu bila kuombwa, akazifunga kwenye leso. Gordhan akavaa shati lake la harusi na kuniambia, "Manji, twende. Jicho la pili si baya." Nami nikafurahi kuitwa jicho.

Dukani tulivua ndala mlangoni tukaingia kama tumeingia hekaluni. Kiyoyozi kinavuma, viti vina mito. Gordhan hakujua aketi vipi. Miaka yote anakaa sakafuni kwenye gurudumu, kiti laini kikamtisha. Mwenye duka, mtu wa makamo, shavu limejaa tambuu, akatutazama vidole. Vidole vyetu wang'arishaji vinajulikana, ncha zake nyeusi. Akajua tulikotoka.

"Karibuni, mabwana. Ni mara ya kwanza kununua?"

"Kununua, ndiyo," Gordhan akajibu. "Kuona, hapana."

Mwenye duka akatandika kitambaa cheusi, akaleta trei ya pete za kiume. Akauliza kwa adabu kabisa, "Mnataka la ardhini au la mashine? Siku hizi wengi wanachukua la mashine, bei yake nafuu."

"La ardhini. Na nitalichagua mwenyewe."

"Kule nyuma ninayo mashine ya kupimia. Niwawekee? Na yapo yenye cheti, bei inapanda kidogo."

Gordhan akatoa lenzi yake mfukoni, akaifuta kwa shati. "Cheti ni mimi," akasema.

Na mimi, mpumbavu niliyesimama nyuma yake, nikaongeza chumvi. "Mashine ya nini, mzee? Huyu ndiye aliyeifundisha mashine kazi!" Tukacheka wote watatu. Mwenye duka ndiye aliyecheka zaidi. Kisha akainuka, akaenda nyuma, akarudi na trei nyingine. Nakumbuka vizuri alivyoinuka. Wakati ule niliona ni heshima.

Gordhan akazipima moja moja. Ya kwanza akaitupa pembeni: "Kiuno kina nyama." Ya pili: "Nyuso za chini zimelala, mwanga unatoroka." Aibu ilioje, kwa sababu hivyo ndivyo sisi wenyewe tunavyokata kila siku kwa amri ya tajiri. Jiwe la ardhini ni ghali, kila punje ya uzito ni pesa, kwa hiyo tunaambiwa acheni nyama kiunoni, msisugue sana. Jiwe linatoka kibonge, halina uzuri linaloweza kuwa nao, lakini mizani inafurahi. Gordhan amekata mawe yaliyoharibiwa kwa makusudi maisha yake yote. Hata siku moja hakuruhusiwa kukata moja kama moyo wake unavyotaka.

Akashika ya kumi au ya kumi na moja. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaisogeza karibu na taa.

"Manji. Angalia hii."

Nikaangalia. Mungu ni shahidi yangu, sijawahi kuona kitu kimekatwa sawasawa namna ile. Nyuso zote zinakutana mahali pake, kiuno chembamba kama uzi, mwanga ukiingia hautoki mpaka umekusalimia.

"Aliyekata hili hakuwa na njaa," Gordhan akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Hili ndilo, Manji. Mwanangu atamvisha mumewe hili."

"Hili ndilo," nikasema. Akabishana bei saa nzima, akapunguziwa robo, akatoka dukani kifua mbele.

Siku ya uchumba pete ile ilizunguka mkono kwa mkono. Gordhan alisimama katikati ya ukumbi akiwaeleza watu kiuno na nyuso, na safari hii hakuna aliyemfinya ubavu. Bhavisha alikuwa amevaa sari nyekundu ya shangazi yake Chirag, anacheka hovyo. Nilimwona Gordhan akifuta jicho lake lile dogo. Ukiniuliza, ile ndiyo siku yake moja.

Wiki tatu baadaye Chirag akaipeleka pete kwa sonara ipunguzwe, ilikuwa inampwaya. Sonara ana mazoea, kila jiwe linaloingia kwake analipitisha kwenye mashine kwanza asije akasingiziwa. Taa ikawaka nyekundu. Akarudia. Nyekundu. Jiwe la kupikwa.

Jumapili asubuhi Laljibhai akaja na kaka yake mkubwa, Premjibhai, mzee mwenye mdomo. Mimi nilikuwa pale. Naishi ghorofa ya juu yao, na Jumapili nanywa chai kwa Gordhan. Bhavisha akaleta vikombe. Hawakuvigusa. Laljibhai akaweka pete juu ya meza, akaeleza mambo ya sonara kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari za msiba.

Wakati anaeleza, mimi nikaelewa. Jiwe la kupikwa ni rahisi, uzito wake hauna thamani, kwa hiyo mkataji anaambiwa sugua utakavyo, lipendeze tu. Kule ndiko siku hizi kwenye ukataji mzuri! Uzuri wenyewe ndio ulikuwa alama. Mtu yeyote asiyejua kitu angechukua pete yenye cheti akaenda zake. Ilihitaji mtu wa gurudumu kukosea vile. Nikamtazama Gordhan, nikaona naye ameelewa. Uso umemshuka, midomo imekauka.

"Ndugu yangu," Laljibhai akasema, "umedanganywa, siyo? Dunia imeharibika. Sema tu ulidanganywa, yaishe hapa hapa. Tutakwenda wote kwa huyo mwenye duka. Pete itapatikana nyingine, hata baada ya harusi."

Unasikia mlango ulivyofunguliwa? Mlango wazi kabisa, na taa imewashwa. Gordhan akafungua mdomo. Naamini alikuwa anataka kusema ndiyo.

Premjibhai akamwahi. "Adanganywe! Mtu wa almasi miaka ishirini na sita adanganywe kama mama wa sokoni? Basi kule kiwandani alikuwa anasugua nini, masufuria? Pale ukumbini alitufundisha nusu saa nzima! Lalji, mtu huyu ama alijua, ama ni kipofu. Achague."

Bhavisha amesimama mlangoni mwa jiko, trei kifuani. Rasilaben akasema polepole, "Baba Bhavisha, waambie." Na Gordhan akanyoosha ule mgongo wake uliopinda, akasema:

"Nilijua."

"Unasema?" Laljibhai hakuamini.

"Nilijua. Mimi jiwe la kupikwa nisilijue? Pesa hazikutosha, nikachukua la kupikwa."

Laljibhai akanigeukia. Alikuwa ananiomba, nasema kweli, macho yake yalikuwa yananiomba. "Manjibhai, ulikuwa naye dukani. Kweli alijua?"

Hapa sasa nijiseme na mimi. Mwezi ule tajiri alikuwa anatafuta mtu wa kumpa meza ya ukaguzi, aache kusugua, akae kwenye kiti awakague wenzake. Jina langu lilikuwa limetajwa. Nikisema tulidanganyika, ni wawili tuliodanganyika, lenzi mbili, na kufika Jumatatu Varachha nzima inajua. Nani atampa meza ya ukaguzi mtu kama huyo?

"Mimi nilimsindikiza tu," nikasema. "Jiwe sikuliangalia."

Wakaondoka. Laljibhai alisimama mlangoni akamwekea Bhavisha mkono kichwani, kisha akashuka ngazi. Pete waliiacha mezani, na uchumba nao.

Bhavisha hakulia. Alikusanya vikombe vilivyojaa, akavirudisha kwenye trei, halafu akamwambia baba yake, "Binti wa mjinga anaolewa, baba. Kila siku wanaolewa. Binti wa mwizi nani atamchukua?"

Gordhan hata dukani hakurudi kudai, atarudi vipi? Mtu aliyejua anakwenda kulalamika nini? Chirag alipiga simu miezi miwili, akaja mwenyewe mara moja akasimama chini kwenye pikipiki, baba yake akampigia simu arudi nyumbani. Januari akaoa kwingine. Kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata. Lakini huyu wangu alikata shingo isiyo yake.

Yeye yupo palepale pembe ya dirishani. Vijana wa kiwandani wanamtania, "Gordhanbhai, tufundishe ujanja!" na unajua anafanya nini? Anatabasamu. Anatabasamu kweli, kama mtu aliyesifiwa, anarudi kubana lenzi. Natamani kumpiga kofi. Lakini mimi simkaribii siku hizi, meza yangu iko upande wa pili, yenye kiti.

Mwezi uliopita nikakutana na Bhavisha kwenye ngazi, amebeba mtungi wa gesi begani. Nikampokea. Ghorofa mbili tumepanda, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni kwao pumzi zikanishinda, na lile neno pia likanishinda, likatoka lenyewe.

"Mwanangu, baba yako hakujua. Wala mimi sikujua. Jiwe nililiangalia kwa macho yangu haya."

Akachukua mtungi mikononi mwangu.

"Baba mdogo," akasema, "mimi nilijua siku ileile kwamba hamkujua. Waliokuwa wanauliza ni akina Laljibhai."

Akaingia ndani, akafunga mlango.