Flashi Pindoni

Nilikuwa na laptop, mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti, spika mbili za kusimama na maiki moja niliyoifunga kitambaa chekundu isije ikachanganywa na ya mtu. Vyote viliingia kwenye teksi moja. Nilikuwa bendi nzima peke yangu: biti inatoka kwenye kompyuta, sauti inatoka kwangu. Tunduma ilinijua. Wafanyabiashara wa mpakani wakiozesha mabinti walinitafuta mimi, na hata wa ng'ambo, Nakonde ya Zambia, walinivusha na spika zangu nikawaimbie.

Kisha kaka yangu wa Hasamba akafikiwa na zamu ya kumwozesha binti yake, na sendofu, sherehe ya kumuaga, akampa mwimbaji mwingine.

"Dada, muziki tumeshapata," aliniambia kwenye simu. "Kuna binti mmoja wa Vwawa. Wewe njoo ukae, wewe ni shangazi."

Njoo ukae. Maneno hayo yalinikera kila nilipokuwa nafua, napika, nasuka nyaya zangu. Shangazi ni mimi, sawa, lakini shangazi huyu alikuwa na laptop. Mtoto niliyembeba mgongoni, aliyejifunza kucheza sebuleni kwangu, leo aagwe na mtu wa kukodi? Nilijiambia wamenichoka, wanataka sura changa.

Pamoja na hayo nikaandaa biti ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi, ule wa Kinyiha ambao kila mwanamke wa kwetu anaujua. Nikaiweka kwenye flashi, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu. Sikujua itatumikaje. Nilijua tu kwamba siiachi nyumbani.

Nilipofika, yule binti wa Vwawa alikuwa ameshapanga vyombo vyake chini ya turubai. Nyaya zake zilikuwa zimebandikwa chini vizuri kuliko ninavyobandika zangu. Akanifuata, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa na wewe ni mwimbaji. Ukisikia naharibu, uniambie."

"Marahaba," nikasema, nikakaa kusubiri aharibu.

Hakuharibu. Aliimba wageni wakasahau soda zao. Nilimwonea wivu, na si ule wivu wa kutamani na mimi nipate; ni ule wa kutaka maiki ikorome mbele za watu. Haikukoroma.

Ikaja zamu ya bibi harusi kuingia. Katika ukoo wetu bibi harusi haingii tu. Anakuja taratibu, akifika katikati ya uwanja anagoma, wala hanyanyui mguu mpaka shangazi amtandikie kitenge apite juu yake. Kugoma huko hakuna saa. Ndiyo maana kwenye biti yangu kiitikio nilikirudia mpaka mtu achoke. Biti ya yule binti haikuwa hivyo. Niliisikiliza kwa sikio la fundi, nikaisikia inaingia ubeti wa mwisho wakati bibi harusi ndiyo kwanza amegoma.

Nikashika pindo langu.

Biti ikaisha. Mtoto wetu kasimama katikati ya uwanja, macho chini. Yule binti akainamia laptop. Nilijua shida yake: akirudisha wimbo mwanzo utaanza na utangulizi mrefu wa kinanda, na watu watacheka. Nikaanza kuinuka. Nilikwisha kujiona naipokea ile maiki, Hasamba yote ikijua muziki wa nyumba hii ni wa nani.

Akaifunga laptop. Akasogea mbele, akaanza kuupiga ule wimbo mkavu, kwa sauti na makofi tu. Wanawake wakamwitikia kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Alipunguza alipotaka, akasubiri alipotaka, anamwangalia bibi harusi na siyo kioo cha kompyuta. Hapo ndipo aliponimaliza. Tangu ninunue laptop sijawahi kuimba bila biti nyuma yangu, hata kanisani. Bila biti mimi napotea.

Kisha akaniita ndani ya wimbo. Shangazi yuko wapi, mtoto hapiti, shangazi yuko wapi.

Watu wote wakanigeukia, na mimi nilikuwa tayari nimesimama nusu. Nikafungua kitenge kiunoni, nikakitandika mbele ya miguu ya mtoto wangu. Pindo lenye flashi likaangukia upande wake. Siku nzima hakuwa ameinua macho. Sasa aliniangalia, machozi na kicheko pamoja.

"Ungekuwa kule kwenye spika, shangazi," akaninong'oneza, "nani angenitandikia?"

Akanyanyua mguu, akapita. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaokota kitenge, nikamkimbilia mbele nimtandikie tena, na mkononi nikahisi ndani ya lile fundo flashi imekuwa vipande viwili. Sikufungua kuangalia. Mtoto alikuwa anangoja, na kiatu chake cha kisigino kilikuwa tayari hewani.

Nilimtandikia mpaka kwenye kiti chake. Nilicheza mpaka kilemba kikafunguka. Wimbo wa yule binti niliuitikia kwa nguvu kuliko mwanamke yeyote pale uwanjani, na kila nilipoitikia nilitamani koo lile lingekuwa langu.