Mkono wa Mkwe

Mimi si mtu wa kubahatisha. Kahawa yangu siiuzi ikiwa bado mtini, hata mnunuzi aje na maneno matamu namna gani, na pikipiki siipandi kabla sijamtazama dereva machoni. Lakini hayo ni mambo ya kukaa chini na kufikiri. Mguu ukishainuka, sijui akili inakwenda wapi.

Mwaka jana binti yangu alijifungua kwa mumewe, huko chini ziwani. Mvua zilikuwa zimekata barabara, basi nilipofika Mbamba Bay nikapanda boti ya injini. Nilibeba unga wa ulezi wa kumpikia mzazi uji, nimeutwanga mwenyewe.

Kijijini kwao hakuna gati. Boti inasogea kwenye jiwe kubwa, watu wanaruka mmoja mmoja. Juu ya jiwe alisimama mkwe wangu, amekuja kunipokea. Akainama, akasema, "Shikamoo, mama," akanyoosha mkono.

Siku ya posa aliunyoosha hivyohivyo, nikauacha ukining'inia mbele ya wazazi wake. Nilimwambia kwetu mkwe hamshiki mama mkwe. Sasa nikautazama tena mkono ule, na boti nzima inatazama.

"Ondoa mkono, baba. Nimezaliwa mlimani mimi."

Ni kweli. Shamba langu la ngoro, yale matuta yenye mashimo ya kuzuia maji, liko kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaushuka kwa adabu, nami napita juu ya kingo za yale mashimo na mzigo kichwani, sijawahi kudondoka. Kwetu unangoja mguu mmoja utulie ndipo unainua wa pili. Basi nikangoja boti itulie. Ikipanda, nangoja. Ikishuka, nangoja.

Mwanamke mwenye ndoo ya dagaa akapaza sauti nyuma yangu, "Bibi, unangoja ziwa lilale?"

"Ndio watu wa milimani hao," mwenzake akadakia. "Mpaka wimbi lifunge breki!"

Wakacheka. Hasira ikanipanda, nikaruka.

Boti ndiyo kwanza ilikuwa inashuka. Ubao ukanikimbia chini ya unyayo, mguu ukagusa utelezi, nikaenda majini kati ya boti na jiwe. Nahodha aliisukuma boti nje nisibanwe. Aliyeruka kunifuata ni mkwe. Alinikamata kiunoni, akanibeba kama mtoto mgonjwa mpaka mchangani, kitenge changu kinaelea kule nyuma. Hakuna aliyecheka tena. Afadhali wangecheka.

Alinigeuzia mgongo, akavua shati lake, akanirushia bila kutazama. Halafu akarudi majini kuutafuta unga. Aliuleta umekuwa tope.

Nyumbani binti yangu, kichanga kifuani, akauliza, "Mama, umefanyaje?"

Kabla sijafungua mdomo mkwe akasema, "Wimbi lilimpiga mama boti ikiwa bado mbali na jiwe."

Nimewachapa watoto wangu wote kwa uongo mdogo kuliko huo. Nikaitikia kwa kichwa. Jioni mzazi akapikiwa uji wa unga wa kwa mumewe, na mimi niliyekuja kumlisha nikapewa bakuli langu.

Siku ya kurudi alinisindikiza mpaka jiweni. Akatangulia kuingia botini, akachukua kafi, akaninyooshea. Hakunitazama usoni. Nikalishika kwa mikono miwili.

"Utaniambia wewe," nilisema.

"Ngoja, mama. Ngoja kwanza, inapanda… haya!"

Nikaruka, nikafika. Akashuka upesi, akaaga akiwa juu ya jiwe, naye ameinama vilevile.

Kafi lile nililitambua, boti ni ileile. Siku ya kwanza lilikuwa limelala miguuni pangu, nikalikanyaga nikijipanga kuruka. Ningeliinua tu siku ile, nikamnyooshea mimi.