Gari Lisilosukumwa

Rebeccah Chepkurui hakuwahi kubandua karatasi ya Kijapani iliyokuwa kwenye kioo cha nyuma cha gari lake. Hakuna mtu Litein aliyeweza kuisoma. Walipomuuliza ilisema nini, alijibu kwamba ilisema gari ni la mwenyewe.

Lilikuwa Subaru jeupe, stesheni wagoni, lililotumika Japani kabla ya kuteremshwa Mombasa. Majirani walilitamka "Suparu," naye hakuwasahihisha, kwa kuwa hata yeye alilitamka hivyo hivyo. Nyuma liliingia magunia ya chakula cha ng'ombe, mikebe ya maziwa na marobota ya nyuzi za mashine yake ya kufuma sweta za shule. Jumapili viti vilifutwa kwa kitambaa chenye maji na nusu ya kwaya ya kina mama ikaingia. Lakini sifa aliyopenda kuitaja ilikuwa moja. "Magari mengine yanavuta na miguu miwili," aliwaambia wateja wake. "Hii inavuta na yote minne. Kama ng'ombe."

Alilinunua mwaka 1996. Mumewe, Kimeli, alikuwa amefariki miaka saba nyuma, akimwachia majani chai, ng'ombe na mtoto mmoja wa kiume, Kiptum. Chai ilimlisha, sweta zikamsomeshea mtoto, na vyote viwili pamoja vikamletea gari. Hakusaidiwa na shemeji wala kanisa. Wanawake wenye magari yao wenyewe katika sehemu ile walikuwa wachache kiasi kwamba askari wa barabarani, akimsimamisha, humtafuta dereva kwenye kiti cha nyuma.

Kati ya nyumba yake na lami kulikuwa na mlima ulioitwa Tulwet, neno la Kikipsigis ambalo maana yake ni kilima tu, kana kwamba vilima vingine vyote vya hapo si kitu. Udongo wake ni mwekundu na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Waliokaa kando ya barabara hiyo walikuwa na desturi. Wakisikia injini ikilia bila kusonga, wanaume huvaa makoti na gambuti wakatoka kusukuma. Hawakuomba malipo. Mwenye gari aliwapelekea chai siku yoyote iliyofuata, na siku ya soko hakumpita njiani mtu aliyewahi kumsukuma. Hivyo ndivyo watu wa Tulwet walivyofahamiana na kila mwenye gari: daktari wa mifugo, mchungaji, dereva wa lori la majani chai. Kila mmoja wao alikuwa ameshikwa mgongo na mikono yao.

Siku ya kwanza Rebeccah kupanda Tulwet kwenye mvua, wanaume walitoka kama kawaida. Mbele yao alikuwa Kiptanui, mzee wa rika moja na marehemu Kimeli, tayari amekunja mikono ya koti. Subaru lilikuja polepole, likainama kidogo kwenye mtaro, likainuka, likawapita. Rebeccah alipunga mkono. Hakusimama, kwa kuwa kwenye matope anayesimama amekwisha. Wanaume walibaki barabarani na mikono yao.

"Hata hakutuambia asante," mmoja alisema.

"Asante ya nini?" Kiptanui akamjibu. "Umeshika nini?"

Ikawa hivyo mvua baada ya mvua. Mwishowe walilibandika gari jina. Waliliita Mama Mkwe, kwa sababu Mkipsigis mwenye adabu hamgusi mama mkwe wake, hata kwa kumsalimu. Likipita, vijana walijitupa kando kwa heshima ya uongo wakainamisha macho. "Pisheni! Msiguse!" Rebeccah alicheka nao. Hakujua kwamba wazee hawakuwa wakicheka.

Alijua mwaka 1997, wakati wa zile mvua ambazo redio iliziita El Nino. Kiptum, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha chai, alikuwa amepata msichana wa Chebunyo aliyeitwa Nelvine. Ilibaki koito, yaani wazee wa upande wa mvulana waende nyumbani kwa msichana wakamwombe. Mama haombi. Panapokosekana baba, watu wa rika lake ndio wanaosema, na mwenye maneno katika rika la Kimeli alikuwa Kiptanui. Rebeccah alimtuma Kiptum kumwita.

Kiptum alirudi na jibu fupi. "Amesema hawezi kupanda gari ambayo inadharau watu. Wale wengine wamesema wanamfuata yeye."

Siku waliyopewa na watu wa Chebunyo ilikuwa Jumamosi. Familia ambayo wazee wake hawatokei haipewi siku ya pili kwa urahisi, na kulikuwa na mwalimu mmoja wa Sigowet ambaye jamaa zake walikuwa wameshauliza habari za Nelvine.

Kwenye duka la vipuri la Mureithi, pale Litein, Rebeccah alieleza shida yake huku akingoja kubadilishiwa oili. Mureithi alikuwa mtu wa Nyeri, lakini alikuwa amekaa Litein hata akajua hasira za kila kijiji.

"Mama Kiptum, hiyo dawa yake ni rahisi," alisema. "Ukifika katikati ya Tulwet, zima injini. Lia kidogo. Watu watoke, wasukume, waitwe chai, mambo iishe."

"Nizime gari nzima?"

"Ni dakika tano tu."

"Wanjuhi," Rebeccah alimwambia mke wa Mureithi aliyekuwa nyuma ya kaunta, "bwana yako anataka niseme mtoto wangu ni kiwete ndiyo majirani wanipende."

Wanjuhi alicheka. "Huyo hata mimi aliniambia nipike vibaya siku mama yake alikuja, ndiyo mama ajisikie bado anahitajika."

"Na ukapika vibaya?"

"Sikupika."

Rebeccah hakuwa tayari kulisingizia gari lake. Alilitafuta kwa miaka mingi ili asikwame, na kukwama kwa makusudi mbele ya wale wale watu kulikuwa, kwake, sawa na kukana kazi ya mikono yake. Lakini hakuwa tayari pia kumpoteza Nelvine. Alhamisi aliliacha gari nyumbani, akavaa gambuti, akachukua kikapu, akapanda Tulwet kwa miguu. Alianguka mara moja. Alipofika kwa Kiptanui sketi yake ilikuwa nyekundu mpaka magotini.

Mzee alikuwa barazani akichonga mpini wa jembe.

"Chamgei, boiyot," Rebeccah alimsalimu, kwa neno la heshima waitwalo wazee.

"Chamgei." Aliangalia ile sketi. "Mama Mkwe ako wapi leo?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Amekwama?" Sauti yake ilikuwa na matumaini.

"Hajakwama. Na hatakwama, boiyot, nisikudanganye. Ni mimi nimekwama."

Kiptanui aliweka panga chini. "Umekwama wapi?"

"Chebunyo. Gari itanifikisha mpaka kwa mlango wao. Lakini haijui maneno ya koito, na mimi siruhusiwi kuyasema. Kimeli hayuko. Nimekuja mnisukume."

Mvua ilipiga mabati.

"Kwa nini ulikuwa unatupita?"

"Kusimama kwa matope huwezi, hata wewe unajua. Lakini kurudi na miguu ningerudi. Sikurudi."

"Watu wakikwama hapa," Kiptanui alisema, akiliokota tena panga lake, "huwa wanaleta chai."

Rebeccah alifunua kikapu. Kulikuwa na chupa kubwa ya chai, mikate, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyolala siku kadhaa.

"Mke wangu!" Kiptanui aliita ndani ya nyumba. "Toa vikombe! Na umwite Kiptoo na yule mwingine. Kuna mtu amekwama."

Jumamosi waliondoka alfajiri, wazee watatu na shangazi ya Kiptum, na Rebeccah kwenye usukani. Kiptum mwenyewe alibaki, kama inavyotakiwa. Kiptanui alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Baada ya Bomet milima ya chai iliisha, hewa ikawa ya joto, na udongo ukageuka mweusi, ule unaoshika gurudumu kama ugali. Katika bonde moja lori lilikuwa limezama upande mmoja, na pikapu nyuma yake. Ng'ambo barabara ilipanda moja kwa moja.

Kiptanui aliona ule mlima na mkono wake ukafungua mlango. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

"Boiyot, unaenda wapi?"

"Si kusukuma?"

"Funga mlango."

Alifunga. Rebeccah aliweka gia ya pili, akaacha mguu wake pale pale, hakuongeza wala hakupunguza. Gari lilizunguka lori kwa kupita majanini, likateleza kwa nyuma, likajirekebisha. Matope yaligonga chini kama watu wanaobisha hodi. Nyuma wazee wawili walikuwa wameinama mbele kama abiria wa baiskeli. Kiptanui alikuwa ameweka viganja vyote viwili kwenye dashibodi, mishipa ya shingo imemtoka, akisukuma.

Walipofika juu alibaki hivyo kidogo, kisha akaiondoa mikono yake na kuiangalia.

"Mama Kiptum," alisema, "hii kitu inapanda."

"Nilisikia hivyo."

"Nyamaza. Nafikiria maneno."

Nyumbani kwa Nelvine hakuna aliyetarajia kwamba wangefika kwenye mvua ile. Baba mdogo wa msichana, mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu, alitoka akaangalia barabara, akaangalia mvua, akaangalia wageni ambao viatu vyao vilikuwa safi.

"Mmekuja na nini?" aliuliza. "Jana hapa trekta imelala."

Rebeccah alikaa kimya, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na ruhusa ya kusema. Kiptanui alisimama akaegemea fimbo yake.

"Tumekuja na gari ya huyu mama. Hakupewa na mtu. Ameinunua na majani chai na sweta, baada ya ndugu yetu Kimeli kulala. Nakaa kando ya barabara yake, na mikono yangu imesukuma kila gari ya sehemu ile. Hii sijawahi kuigusa. Hiyo ndiyo nyumba tunaiombea msichana wenu."

Yule mzee mrefu aliwakaribisha ndani. Waliongea mpaka alasiri, ukoo kwa ukoo, wakatafuta kama kuna undugu unaokataza, wakaukosa. Mwishoni upande wa msichana ulisema kile ambacho upande wa msichana husema ukiwa umependezwa: maneno yamesikika, wageni warudi siku nyingine. Watu wa mwalimu wa Sigowet wangeambiwa wasijisumbue.

"Mwezi wa pili itakuwa vizuri," baba mdogo alisema. "Mvua itakuwa imeisha, barabara imekauka."

Rebeccah aliinamisha kichwa kukubali. Kiptanui hakukubali.

"Mwezi wa pili ni mbali," alisema. "Tutakuja wiki ijayo, ikinyesha hivi hivi. Na nyinyi mkae hapo nje mtuone tukipanda."