Ufunguo wa Sanduku

Juzi nilimpeleka binti yangu kuanza sekondari huko Mpemba. Mwalimu akatuonyesha kwa fahari sanduku jipya ukutani, vanishi bado inanata. "Mwanafunzi mwenye tatizo anaandika, anatumbukiza humu. Ufunguo ninao mimi."

Harufu ile ya vanishi naijua. Nilipokuwa kidato cha pili, kule kwetu kwenye kahawa, mwalimu wa ushauri nasaha naye alitupachikia sanduku, ufunguo akauvaa shingoni kama medali. Nikaandika, bila jina, kwamba chakula hakinipiti na kila asubuhi naona heri nisingeamka.

Jumatatu akaisoma karatasi yangu mstarini, mbele ya shule nzima, kwa madaha, kama risala ya mgeni rasmi. "Huyu apewe jembe! Siku hizi uvivu nao umekuwa ugonjwa." Mwandiko wangu aliujua, akanikodolea macho. Walimu wenzake, wasomi watupu wale, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nilikimbilia jikoni. Mpishi wetu, mama ambaye hakumaliza hata darasa la nne, hakuniuliza kitu. Alinisogezea ungo nichambue naye maharage. Kesho yake alinishika mkono mpaka zahanati, akakaa nami kwenye benchi hadi nikaitwa.

Yule mwalimu wa pale Mpemba alikuwa bado anasifia sanduku lake.

"Jikoni ni wapi?" nikamuuliza.

"Chakula ni saa saba, mama."

"Sijauliza chakula," nikamwambia, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda kumsalimia mpishi.