Giaboksi ya otomatiki niliyoifungua bila kumsikiliza mwenye gari (Moshi, enzi za foleni za sabuni)

Wakuu, poleni na majukumu.

Juzi nimeona mtu humu anauliza kwa nini otomatiki yake ya dizeli inaishiwa nguvu mlimani. Watu watano wakamjibu "shusha giaboksi". Nimekaa na hilo jambo siku mbili, leo nimeamua kuandika. Nina umri wa kuwa babu wa wengi wenu, sina sababu ya kutunga, na haya ninayosimulia hayanipi sifa yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi pale Njoro, Moshi mjini. Gereji yenyewe ni mabati machache na shimo la kuingilia chini ya gari. Nilikuwa nimetoka kozi Dar, na katika mafundi wote niliowajua, mimi peke yangu ndiye niliyewahi kufungua giaboksi ya otomatiki.

Nilijisikia sana.

Enzi zile otomatiki zilikuwa za kuhesabu. Ya dizeli ndiyo kabisa.

Basi Mwalimu Eliamani wa Machame akaniletea ya kwake. Mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mpole, anaongea taratibu kama bado anasomesha imla. Gari aliachiwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Kitongoji kizima gari lilikuwa hilo moja. Mgonjwa akizidiwa, mama akishikwa na uchungu, watu wanakimbilia kwa Mwalimu. Na mkewe mwenyewe, Mama Ndekira, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kila mwezi Mwalimu alimteremsha hospitali kwa gari hilo.

Shida yenyewe: likipanda mlima injini inapiga kelele, gari haliendi. Likifika tambarare linatulia.

Halafu Mwalimu akaniambia hivi:

"Mwanangu, kila wiki naongeza mafuta ya giaboksi, lakini pale ninapoegesha hakuna hata tone. Na asubuhi nikiwasha linatoa moshi mweupe. Zamani haukuwepo."

Nikamjibu, "Mwalimu, moshi ni wa injini. Giaboksi ni kitu kingine. Hayo ni mambo mawili."

Akanikabidhi ufunguo. Alikuwa mtu wa kuheshimu elimu ya mwenzake.

Nikachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yako chini, yananuka kuungua kidogo. Nikatamka kwamba klachi za ndani zimekwisha. Sikuangalia kingine chochote.

Niseme ukweli wakuu: nilitaka kuifungua. Nilitaka mafundi wa Njoro waje wanione nimeifungua.

Wakaja kweli.

Nilipozitoa zile pleti za klachi, zilikuwa na uhai wake. Zimechoka kidogo, si za kutupa. Niliziona kwa macho yangu. Lakini nilikuwa nimeshasema zimekwisha, mbele ya watu, kwa hiyo zikawa zimekwisha. Na sili, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje, nilikuwa nimezichana wakati wa kutoa, hata kuirudisha ilivyokuwa haikuwezekana tena.

Vipuri utapata wapi? Waliozaliwa juzi hawajui, kipindi kile hata sabuni ni foleni. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Jamaa mmoja wa Himo, aliyekuwa akipitisha vitu njia za panya, akaniahidi sili na pleti. Alisema wiki mbili. Zikapita mbili, zikapita sita. Gari liko juu ya magogo, giaboksi iko kwenye karai, imefunikwa gunia la kahawa.

Mwalimu alikuwa akishuka mjini kila Jumanne.

"Vimefika?"

"Bado, Mwalimu."

"Haya. Mungu ni mwema."

Anageuza anarudi. Hakuwahi kunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Masika yakaingia.

Asubuhi moja ya mvua Mama Ndekira alikuwa anakata majani ya ng'ombe, pumzi zikamwishia, akakaa chini kwenye migomba. Haya nilisimuliwa na mwanawe. Wakafunga machela ya miti na blanketi, wanaume wanne wakambeba kuteremka hadi barabara kubwa. Njia zile wakati wa masika ni utelezi mtupu. Kila hatua chache wanamweka chini, wanashika migomba, wananyanyua tena. Barabarani lori la kwanza lilikuwa limejaa. La pili halikusimama.

Walimfikisha hospitali alasiri. Akafariki siku ya pili yake.

Daktari hakusema kwamba angewahishwa angepona. Wala hakusema kwamba asingepona. Sijawahi kumpata mtu wa kunijibu hilo, na sasa sitampata tena.

Nilienda kuzika. Nilisimama nyuma kabisa, kwenye mibuni. Mama mmoja akauliza kwani gari la Mwalimu liko wapi. Mwenzake akamjibu, "Liko kwa fundi." Hawakujua fundi yuko hatua mbili nyuma yao.

Vipuri vikaja wiki tatu baada ya mazishi.

Niliifunga ile giaboksi kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nikajaza mafuta, nikapanda na gari hadi Kibosho na kurudi. Linapanda kama jipya. Nikasema acha nilijaribu siku kadhaa kabla sijamrudishia mwenyewe. Siku ya kumi, mlimani, injini ikapiga kelele, gari likasimama.

Kijiti kikavu. Chini ya gari, hakuna tone.

Nilikaa kando ya barabara. Halafu nikalala chini kwenye matope nikaangalia kile nilichopaswa kukiangalia siku ya kwanza.

Ubavuni mwa giaboksi za namna ile kuna kidude cha duara, mafundi tunakiita modyuleta. Kinaunganishwa na mpira mwembamba unaokwenda kwenye pampu ya kunyonya hewa ya injini. Ndani yake kina kiwambo laini. Kiwambo kikichanika, mafuta ya giaboksi yananyonywa kupitia ule mpira, yanaingia kwenye injini, yanaungua. Huoni tone chini. Unaona moshi mweupe, na giaboksi ikipungukiwa mafuta inateleza mlimani.

Nikauchomoa ule mpira. Mafuta mekundu yakanidondokea kiganjani.

Kazi ya dakika tano, wakuu. Modyuleta nzima niliipata siku mbili baadaye, kwenye gari bovu lililotelekezwa katika karakana ya shamba la miwa. Ilikuwa pale muda wote.

Fundi mwenzangu akanishauri ninyamaze. "Gari limepona. Nani atajua?"

Alikuwa sahihi, hakuna ambaye angejua.

Nikapanda Machame na jani la sale mkononi. Kwa wasio wa huku, sale ni mmea tunaopanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo. Mchagga akiletewa jani lake anajua anaombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Nilimkuta Mwalimu uani anachambua maharage peke yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, macho yake yakaenda kwenye jani. Nikamweleza yote. Mpaka zile pleti nilizoziona bado nzima.

"Kwa hiyo ule moshi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na nilikuambia."

"Uliniambia."

Akaendelea kuchambua maharage muda mrefu. Kisha akafuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha, akalipokea jani.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini gari usinipandishie. Lipeleke zahanati ya usharika, wao wana wagonjwa. Mimi sina tena wa kumteremsha."

Nikalipeleka. Lilibeba watu miaka mingi na giaboksi haikusumbua. Mwalimu alitembea kwa miguu mpaka alipofariki. Tukikutana ananipa mkono, tunaulizana habari za mvua, basi.

Nilichojifunza ni hiki. Mafuta ya otomatiki yapime gari likiwa la moto, injini ikiunguruma. Yakipungua na chini pakavu, chomoa mpira wa modyuleta kwanza, kama gari lako ni la aina hiyo, kabla hujashika spana kubwa. Na mwenye gari akikutajia kitu unachoona hakihusiani, msikilize mpaka mwisho. Yeye analiendesha kila siku, wewe umeliona leo.

Msamaha nilipewa. Sijaona kama umepunguza kitu.

Mafundi, madaktari, walimu, yeyote humu aliyewahi kukosea kazi ya mtu kisha akaenda kumwambia mwenyewe ana kwa ana: alikujibu nini? Na wewe ulirudije kazini kesho yake?